UKARA: KISIWA AMBAKO SAMADI HAITUPWI

Siku moja mzee mmoja wa hapa Muyama alinifuata shambani. Alikuwa ameshika udongo mkononi. Aliufungua mkono wake, akaupuliza ule udongo, nao ukaruka kama majivu. Akaniuliza: "Bwana shamba, udongo huu umekufa. Watoto wangu wanataka tuuze shamba, tushuke bondeni kwenye ardhi mpya. Wewe unasemaje?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia nitafikiri. Ukweli ni kwamba nilikuwa na jibu, lakini ni jibu refu, na yeye alikuwa na haraka ya kwenda kwenye maharage yake. Basi nimeamua kuliandika hapa, ili yeye alisome, na wewe pia ulisome. Kama hujui kusoma vizuri, mwombe mtoto wako akusomee taratibu.

Jibu langu linahusu kisiwa kimoja kidogo kinachoitwa Ukara.

UKARA IKO WAPI?

Sisi watu wa Buha tunalijua Ziwa Tanganyika. Ni ziwa lenye kina kirefu sana, lakini upande wetu halina kisiwa kikubwa. Ziwa Viktoria ni tofauti. Lina kina kifupi, ni pana sana, na limejaa visiwa. Kisiwa kikubwa kuliko vyote katika ziwa hilo ni Ukerewe. Mji wake ni Nansio. Kaskazini ya Ukerewe, ukivuka maji, unakuta kisiwa kingine kidogo. Hicho ndicho Ukara. Kimo katika Wilaya ya Ukerewe, Mkoa wa Mwanza.

Eneo la Ukara ni kama kilometa za mraba 80 hivi. Maana yake ni nini? Mtu mwenye miguu mizuri anaweza kuondoka asubuhi upande mmoja wa kisiwa na kufika upande wa pili kabla ya chakula cha mchana. Popote utakaposimama juu ya kilima, unaona maji. Ukitazama huku, maji. Ukigeuka kule, maji. Hakuna pori la kuhamia. Hakuna bonde jipya linalomngoja mtu.

Na bado kisiwa hicho kimejaa watu tangu zamani. Miaka ya 1960 watu wa Ukara walikuwa wamefika kama 16,000. Gawanya mwenyewe: ni watu 200 katika kila kilometa moja ya mraba. Wakati huo sehemu nyingi za Tanzania zilikuwa na watu wachache sana, na mtu aliyechoka na shamba aliliacha akafyeka jingine. Leo watu wa Ukara ni wengi zaidi kuliko hapo.

Mimi nilifika huko mwaka 2005. Nilikuwa nimesoma kilimo Ukiriguru, karibu na Mwanza, na mwenzangu mmoja wa darasani alikuwa Mkara. Alinialika kwao wakati wa likizo. Tulivuka kwa mashua ya mbao. Mimi niliyezaliwa mlimani nilishika ubao kwa mikono miwili tangu tulipoondoka mpaka tulipofika. Mwenzangu alilala usingizi.

NCHI YA MAWE NA KICHANGA

Nilidhani nitakuta udongo mweusi wenye rutuba. Maana nilijiuliza, watu wengi namna hii watakula nini kama udongo si mzuri? Nilikosea. Ukara ni nchi ya mawe ya matale. Mawe makubwa yamekaa juu ya vilima kama nyumba. Liko hata jiwe ambalo wenyeji huwaonyesha wageni wakisema kwamba ni jiwe linalocheza. Matale yanapovunjikavunjika kwa miaka mingi yanakuwa kichanga. Na kichanga, kama ujuavyo, hakishiki maji wala hakishiki chakula cha mimea. Mvua ikinyesha, chakula chote hushuka chini, na mizizi haikifikii tena.

Udongo wetu wa Muyama ni bora kuliko ule. Nasema hivyo bila kumpendelea mtu.

Basi nilimuuliza baba wa mwenzangu: "Mzee, shamba hili limelimwa miaka mingapi?" Akacheka. Akasema babu yake alilikuta likilimwa. Hajasikia kwamba liliwahi kupumzika.

Ndugu msomaji, soma tena maneno hayo. Shamba la kichanga, halipumziki, linalimwa kila mwaka tangu kabla ya babu, na bado linatoa chakula. Jambo hilo si uchawi. Wataalamu walikwenda kuliangalia zamani. Thornton na Rounce waliandika habari za kilimo cha Wakara mwaka 1936. Mtaalamu mwingine wa Kijerumani, Ludwig, aliandika tena mwaka 1968. Wote waliona mambo yaleyale ambayo wazee walinionyesha mimi. Nitayaeleza moja moja.

NG'OMBE ANALALA NDANI YA SHIMO

Kwanza ni ng'ombe. Sisi Waha tunajua ng'ombe. Wazee wetu walipeana ng'ombe kwa ubugabire, na mtu mwenye ng'ombe alikuwa mtu. Lakini ng'ombe wetu tuliwachunga. Asubuhi wanatoka, wanazunguka milimani, jioni wanarudi. Samadi yao nyingi inabaki njiani na malishoni.

Mkara hakuwa na mahali pa kuchungia. Kila kipande cha ardhi kina mwenyewe. Kwa hiyo ng'ombe alikaa nyumbani, na chakula kikaletwa kwake. Na hakukaa kwenye zizi la nje. Alikaa ndani ya nyumba ileile ya mwenyewe, katika sehemu iliyochimbwa ikawa shimo. Ng'ombe akisimama humo, miguu yake iko chini kuliko sakafu ya watu. Humo ndani hutandikwa majani makavu. Ng'ombe anakojoa juu yake, anakunya juu yake, anayakanyagakanyaga. Kesho yake yanaongezwa majani mengine. Shimo linajaa polepole, na ng'ombe anapanda juu pamoja na samadi yake, mpaka siku ya kulisafisha.

Unaona hekima ya shimo? Mkojo hauendi popote. Sisi huuacha mkojo ukatiririka nje, kumbe mkojo wa ng'ombe una chakula kingi cha mimea, cha kukuza majani hasa. Tena jua haliichomi samadi hiyo, na mvua haiiloweshi. Samadi iliyokaa juani mwezi mzima ni kama chai iliyotiwa maji mara tatu. Rangi ipo, lakini utamu umekwisha.

Halafu samadi ile hubebwa kwa vikapu kichwani mpaka shambani. Baba anabeba, mama anabeba, watoto wanabeba. Kila shamba linapata sehemu yake. Niliona mtoto wa miaka kama minane akiokota kinyesi cha mbuzi njiani kwa jani na kukitupa ndani ya shamba lao, si la jirani. Hakuna aliyemtuma.

Lazima niseme kwamba mwaka niliokwenda mimi, ng'ombe wa ndani ya nyumba walikuwa wamepungua. Watu wengine walikuwa na mabanda ya nje. Wengine hawakuwa na ng'ombe kabisa. Mabwana afya nao hawapendi ng'ombe kulala na watu, na wana sababu zao. Lakini shimo linaweza kuchimbwa katika banda lililo pembeni ya nyumba. Ng'ombe hatauliza.

MAJANI YANALIMWA

Sasa utauliza: kama hakuna malisho, huyo ng'ombe anakula nini? Swali zuri. Mimi pia niliuliza.

Anakula majani ya miti. Ukara miti hupandwa na ina wenyewe. Mtu hakati mti wa mwenzake, wala hachumi majani yake bila ruhusa. Anakula pia mabua, majani ya mazao, na magugu yaliyong'olewa shambani. Lakini jambo lililonishangaza zaidi liko kando ya ziwa.

Pale ufukweni Wakara walichimba mashimo mapana mpaka wakafikia maji. Ndani ya mashimo hayo wakapanda majani ya kulisha ng'ombe. Kwa kuwa maji yako palepale chini, majani hayo hayakauki wakati wa kiangazi. Mchanga uliotolewa hupangwa kingoni kama ukuta. Kila shimo lina mwenyewe, na mtu huliachia watoto wake kama urithi. Nilimwona mama mmoja amesimama ndani ya shimo, maji yamemfika magotini, anakata majani kwa mundu na kuyapanga mafungu. Nilimsalimu, akaitikia bila kuacha kukata.

Mimi ni bwana shamba. Nimefundishwa habari za kulima mahindi, mihogo na kahawa. Lakini kabla ya siku ile sikuwahi kumwona mkulima mdogo, asiyekwenda shule ya kilimo, akichimba ardhi kwa ajili ya majani tu.

Mabonde yao nayo hayakuachwa. Palipo na maji pamepandwa mpunga. Kingo za vijito zimejengwa kwa mawe ili maji yasile ardhi. Penye mteremko mkali wamejenga kuta za mawe, na nyuma ya kila ukuta kuna ngazi ya shamba. Ngazi nyingine ni ndogo kama chumba cha kulala. Mtu analima mistari michache, kisha anapanda ngazi ya juu yake.

MBOLEA INAYOPANDWA

Jambo la pili ni mbolea ya majani mabichi. Hapo uzingatie, maana jambo hili linawezekana hata kwa mtu asiye na ng'ombe.

Zao lao kubwa la zamani lilikuwa uwele. Uwele ukiwa umeota, Mkara alipanda katikati yake mmea mwingine wa jamii ya marejea. Wewe umeuona mmea wa jamii hiyo. Una maua ya njano, na maganda yake yakikauka hulia chakachaka ukiyatikisa. Uwele ukivunwa, marejea yanabaki shambani yanaendelea kukua. Yakishakuwa makubwa hukatwa na kufukiwa udongoni kwa jembe. Yanaoza humo. Msimu unaofuata shamba limekula.

Kwa nini marejea na si majani mengine? Marejea ni ndugu wa maharage na karanga. Mizizi yake ina vinundu vidogo. Ng'oa mche mmoja uone. Ndani ya vinundu hivyo wamo vijidudu vidogo sana, havionekani kwa macho, ambavyo hukamata chakula cha mimea kilichomo hewani na kukiweka udongoni. Maharage yetu nayo hufanya hivyo, lakini sisi tukivuna tunang'oa shina zima na mizizi yake, tunalipeleka nyumbani kupiga, na makapi tunayachoma moto. Hapo tumekula faida na mtaji pamoja.

Mashamba ya Wakara yalikuwa na mzunguko wa miaka 3. Uwele na marejea, kisha mazao mengine kama mtama, karanga na njugu mawe, halafu unarudi mwanzo. Siku hizi mihogo imechukua nafasi kubwa, kama ilivyo kwetu Kasulu na Kibondo. Mihogo ni mvumilivu, lakini nayo ina maradhi yake, batobato na michirizi kahawia, ambayo yameusumbua sana ukanda wote wa ziwa.

Habari za marejea si za Ukara tu. Kusini, huko Peramiho katika Mkoa wa Ruvuma, Padri Gerold Rupper aliwahimiza wakulima kwa miaka mingi wapande marejea kurudisha rutuba ya mashamba yaliyochoka. Kwa hiyo mbegu hii imejaribiwa mahali pengi nchini.

HESABU YA KAZI

Mpaka hapa msomaji mwingine anasema: "Bwana shamba anatusifia Wakara kana kwamba sisi ni wavivu." Hapana. Ngoja nikuambie upande wa pili, maana anayesifu kitu bila kutaja bei yake ni mchuuzi.

Kilimo cha Ukara ni kazi ngumu mno. Kukata majani kila siku. Kuteka maji ya ng'ombe. Kubeba samadi. Kujenga ukuta uliobomoka. Kufukia marejea. Kazi haina msimu wa kupumzika. Na baada ya yote hayo, mavuno si makubwa ya kumtajirisha mtu. Yanatosha kula, na kidogo cha kuuza. Mwenzangu alinieleza kwamba alisoma kwa bidii shuleni kwa sababu moja: hakutaka kubeba samadi maisha yake yote. Akacheka. Leo kazi yake ni kuwafundisha watu wengine kubeba samadi.

Tena kuna jambo ambalo wataalamu waliliona. Mkara aliyehama kisiwa chake, akaenda Ukerewe au nchi kavu ambako ardhi ilikuwa nyingi, hakuendelea na kilimo hiki. Aliacha shimo la ng'ombe. Aliacha marejea. Alilima shamba kubwa kwa kazi ndogo, kama majirani zake wapya. Mtu yuleyule, mikono ileile. Wala hakuwa amesahau. Alikuwa amepiga hesabu. Kama ardhi ipo, kwa nini ajisumbue?

Mimi naona hakukosea. Na wazee wetu hawakukosea pia walipoacha mashamba yaliyochoka na kufyeka mapya. Ardhi ilikuwapo. Baadaye wengine walikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, na walioshindwa na shamba walipata njia nyingine. Mwaka 1972, wakati wa Operesheni Kigoma, watu wengi wa Buha walihamishiwa vijijini, na wengi wao walianza upya kwenye ardhi ambayo haikuwa imelimwa. Ilitoa mahindi mazuri kwa miaka michache. Wewe uliyezaliwa wakati huo unakumbuka mahindi yale. Unakumbuka pia yalivyopungua.

Kosa ni kuendelea na hesabu ya zamani wakati ardhi imekwisha. Huko bondeni wanakokutaja watoto wa yule mzee kuna wenyewe, kuna hifadhi, kuna mifugo ya watu, na kila kipande kina mtu aliyesimama juu yake akisema ni changu. Ugomvi wa wakulima na wafugaji tunausikia. Sisi nasi sasa tuko kisiwani, ila maji yanayotuzunguka hayaonekani.

MAJI YANALETA, MAJI YANACHUKUA

Nisije nikakufanya ufikiri kwamba Wakara wanajua samadi tu. Ziwa ndilo shamba lao la pili. Wanavua sato, sangara na dagaa. Sangara hakuwamo zamani. Aliletwa katika ziwa hilo miaka ya 1950 na 1960, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amejaa kila mahali. Alikula samaki wengi wadogo wa asili, lakini alileta fedha. Vijana wengi wakaacha jembe wakashika nyavu. Usiku unaona taa za wavuvi wa dagaa zimepangika juu ya maji kama mji. Asubuhi dagaa wameanikwa mchangani na harufu imeenea kote. Dagaa unaonunua sokoni Kasulu huenda anatoka Ziwa Tanganyika, huenda anatoka huko. Muuzaji atakuambia lile unalotaka kusikia.

Lakini kisiwa hakina chumvi, hakina nguo, hakina mabati, hakina msumari. Vitu hivyo vyote huvuka maji. Mgonjwa mahututi huvuka maji. Mwanafunzi huvuka maji. Ukitaka kuuza mazao au kununua vitu, unavuka kwenda Bugorora upande wa Ukerewe, kisha unarudi Bwisya upande wa Ukara.

Alhamisi, tarehe 20 Septemba, 2018, ilikuwa siku ya soko Bugorora. Mchana watu walikuwa wanarudi Ukara kwa kivuko cha MV Nyerere. Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba watu 101. Siku ile walipanda watu zaidi ya mara mbili ya hao, pamoja na magunia, mizigo na gari. Walikuwa wameshafika. Gati la Bwisya lilikuwa linaonekana, na waliokuwa wanawapokea ndugu zao walikuwa wamesimama pale. Kivuko kikalala upande mmoja, kikapinduka.

Walikufa watu zaidi ya 220. Waliookolewa hai ni 41. Mmoja wao ni fundi wa kivuko, aliyekutwa ndani baada ya siku mbili, akiwa amebaki mahali palipokuwa na hewa. Taifa lilitangaziwa siku 4 za maombolezo. Baadhi ya marehemu walizikwa hapohapo Ukara, karibu na maji yaliyowachukua. Baadaye serikali ilipeleka kivuko kikubwa zaidi, MV Ukara II.

Siku ile nilimpigia simu mwenzangu. Haikupokewa. Niliipiga mpaka usiku. Asubuhi alipokea akasema yeye hakuwa safarini, alikuwa kazini mbali, lakini binamu zake wawili walikuwa wamekwenda sokoni. Sikujua la kumwambia. Mtu anayekaa mlimani anafikiri kifo cha maji ni cha wavuvi. Wale walikuwa wakulima wanaorudi na sukari na madaftari ya watoto.

Nimeyaandika haya kwa sababu maisha ya kisiwani hayafai kusimuliwa kama hadithi tamu. Ardhi ni ndogo, basi watu wanahitaji soko. Soko liko ng'ambo, basi wanahitaji chombo. Chombo ni kimoja na kila mtu ana haraka ya kufika nyumbani kabla ya jioni. Na wewe uliyewahi kupanda nyuma ya gari la mizigo lililojaa, ukiwa umekaa juu ya magunia ya maharage katika mteremko mkali wenye utelezi, unajua jinsi mtu anavyojiambia kwamba leo tu, si mbali.

Siku hizi mwenye safari ya kwenda huko hupita Geita, kisha huvuka kati ya Busisi na Kigongo juu ya daraja refu la kilometa kama 3, lililofunguliwa mwaka 2025. Mimi nilipopita pale mwaka 2005 tulingoja kivuko nusu siku.

MZEE NA SHAMBA LAKE

Sasa nirudi kwa yule mzee wa Muyama.

Nilikwenda kwake Jumapili baada ya watu kutoka kanisani. Tulizunguka shamba lake pamoja na mwanawe mkubwa. Lina mteremko. Juu pana migomba karibu na nyumba, nayo imestawi, kwa sababu taka zote za jikoni hutupwa pale. Chini yake mahindi na maharage. Chini kabisa pamebaki mawe na nyasi ngumu. Udongo umeshuka mtoni, na mto umeupeleka unakokwenda mito yetu. Ukitaka kuona mashamba ya Buha, nenda ukautazame Mto Malagarasi wakati wa masika. Rangi ile ni yetu.

Ana ng'ombe 3 na mbuzi 5. Niliwauliza samadi yao iko wapi. Mwanawe akanionyesha njia ya kwenda malishoni.

Sikumwambia afanye kama Mkara. Hana mikono ya kutosha, na mimi mwenyewe nisingeweza. Nilipoanza kazi nililima bustani yangu ya mfano kwenye mteremko bila makingamaji, nikiwaambia wakulima waje wajifunze. Mvua ya Novemba ilikuja usiku mmoja. Asubuhi bustani yangu ilikuwa kwa jirani. Watu walikuja kweli kujifunza, wakasimama wakatazama, wakaondoka kwa heshima bila kusema neno. Tangu siku hiyo naanza na kitu kidogo.

Tulikubaliana mambo haya. Ng'ombe mmoja tu, yule wa maziwa, akae bandani. Banda lichimbwe chini, kina cha goti, na litandikwe majani makavu kila jioni. Mwanawe alisema atachimba yeye. Kwenye kingo za makingamaji tutapanda mabingobingo na majani ya Guatemala. Mizizi itashika udongo, na majani yatakatwa kumlisha huyo ng'ombe. Na robo eka ya chini, ile ya katikati ya mahindi na mawe, tutapanda marejea ndani ya mahindi, mahindi yakishafika magotini. Usiyapande mapema zaidi ya hapo, maana marejea yakitangulia yatayanyang'anya mahindi mwanga. Mahindi yakivunwa, marejea yaachwe. Yakianza kutoa maua, yakatwe na kufukiwa. Usingoje mbegu zikauke, kwa sababu shina litakuwa gumu kama kuni na halitaoza upesi. Mche michache tu pembeni ndiyo iachwe kwa ajili ya mbegu.

Mzee aliuliza swali moja: "Itachukua muda gani?" Nilimwambia mwaka wa kwanza hataona kitu kikubwa. Mwaka wa pili ataona rangi ya majani ya mahindi. Mwaka wa tatu ndipo tutapima kwa debe.

Mwanawe mkubwa alikaa kimya kidogo. Kisha akasema hatauza sehemu yake kwanza, atangoja hiyo miaka 3. Mdogo wake hakuwapo. Amekwisha kushuka bondeni kutafuta kiwanja, na mzee hakutaka tuyazungumze hayo.

Shimo limechimbwa. Nililiona wiki iliyopita. Ng'ombe alikataa kuingia siku mbili, akaingia siku ya tatu kwa sababu ya njaa. Mbegu za marejea ninazo kidogo ofisini, zinatosha watu kama 10 wa robo eka. Anayetaka aje na mfuko wake siku ya Jumatano au Ijumaa asubuhi, kabla sijatoka kwenda vijijini.

Nilimpelekea mwenzangu wa Ukara picha ya lile shimo kwa simu. Alijibu kwamba ni fupi mno.